Muziki wa Bure Una Bei: Bando, Ada, Flashi au Redio?

Ukimwuliza mtu leo analipa kiasi gani kusikiliza muziki, atakujibu kwamba halipi kitu. Nyimbo ziko YouTube, ziko kwenye programu iliyokuja na simu, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu huyohuyo ukikaa naye robo saa ataanza kulalamika kwamba bando lake la wiki limekata Jumatano na hajui nani kalila. Makala haya yanamtafuta mlaji huyo. Nimelinganisha njia zinazotumiwa na wasikilizaji wengi kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, na kila njia nimeiuliza maswali mawili: saa moja ya muziki inakula nini, na saa hiyo ikiisha unabaki na nini mkononi?

Bei za bando hazitulii. Kila kampuni ina ofa za usiku, ofa za wanachuo na nyingine zinazokuja kwa ujumbe saa sita za mchana ukiwa huna hata senti. Kwa hiyo nimepima kwa MB badala ya shilingi. Msomaji azidishe kwa bei ya mtandao wake. Nitakapohitaji shilingi nitachukua GB 1 kwa Sh 2,000, mfano wa kufanyia hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote.

Programu za kusikiliza muziki hutuma sauti kwa kasi inayopimwa kwa kilobiti kwa sekunde, na wewe ndiye unayechagua kasi hiyo kwenye mipangilio, ingawa wengi hawajawahi kuifungua. Kwa Spotify, kiwango cha chini kabisa ni kilobiti 24, cha kawaida ni 96, cha juu ni 160, na cha juu zaidi, 320, wanapewa wanaolipa. Kilobiti 24 zinakula kama MB 11 kwa saa. Kilobiti 96 zinakula MB 43, kilobiti 160 MB 72, na kilobiti 320 MB 144. Msikilizaji wa saa mbili kwa siku kwenye kiwango cha kawaida atamaliza GB 2.6 kwa mwezi. Kwa bei yetu ya mfano hizo ni Sh 5,200. Akiachia kiwango cha juu zaidi, anakaribia Sh 17,300 kwa nyimbo zilezile, na kama anazisikiliza kwenye spika ya simu ndani ya daladala, tofauti hiyo ya ubora hataisikia hata akitega masikio yote mawili.

Huyo ni msikilizaji wa sauti tu. Wengi wetu hatusikilizi sauti tu. Tunafungua YouTube, tunaweka simu kifudifudi mezani na kuendelea kukatakata vitunguu huku video ikicheza bila mtazamaji. Video ya 360p, ambayo si ya kujivunia, hula kwa makadirio MB 250 hadi 350 kwa saa. Saa mbili kila siku ni takriban GB 18 kwa mwezi, yaani Sh 36,000 kwenye mfano wetu. Ukizima kioo au ukitoka kwenye programu, YouTube isiyolipiwa inanyamaza, ndiyo maana kioo kinabaki kimewaka na betri nayo inakwenda. Mlaji wa bando niliyekuwa namtafuta, mara nyingi ndiye huyu: picha ambayo hakuna anayeitazama. Ukiwa huna namna nyingine, bonyeza alama ya mipangilio ndani ya video na ushushe picha hadi 144p. Msanii atakuwa na ukungu usoni, lakini bando litafika Ijumaa.

Sasa tuje kwa ada. Spotify iliingia Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika Februari 2021. Kenya ilianza na shilingi 299 za huko kwa mwezi kwa mtu mmoja. Apple Music ilishafika Tanzania mwaka mmoja kabla yake. Boomplay ndiyo iliyotangulia wote: ilianzia Nigeria mwaka 2015 ikisukumwa na kampuni ya Transsion, yenye simu za Tecno, itel na Infinix, na ilikuwa inakuja ndani ya simu kabla hujaitafuta. Hapo ndipo wengi walipokutana kwa mara ya kwanza na wazo la kulipia muziki kwa mwezi, wakaliangalia, wakaliacha.

Waliacha kwa sababu waliona ada kama gharama inayoongezwa juu ya bando. Hesabu inaonyesha kitu tofauti kidogo. Kinachouzwa hasa kwenye ada ni ruhusa ya kupakua, zaidi ya kule kuondolewa matangazo. Chukua nyimbo 300 za dakika nne nne kwa kilobiti 96: zote ni MB 864. Unazishusha mara moja, ikiwezekana kwa WiFi ya ofisini au ya chuo, kisha unazisikiliza mwezi mzima bila kugusa bando. Mwezi unaofuata unaongeza nyimbo mpya 60, MB 173 tu. Msikilizaji wetu wa saa mbili aliyekuwa anateketeza GB 2.6 sasa anatumia chini ya GB 0.2. Ameokoa GB 2.4. Basi kanuni ni hii: zidisha bei ya GB 1 ya mtandao wako kwa 2.4. Jibu likizidi ada, lipa. Likipungua, ada haikulipi, isipokuwa kama matangazo yanakukera kiasi cha kutoa fedha ili yanyamaze. Kwa mfano wetu jibu ni Sh 4,800. Kwa Mkenya aliyekuwa analipa 299, ada ilianza kuleta faida pale GB 1 ilipomgharimu zaidi ya shilingi 124.

Hesabu hiyo ina mitego ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa. Nyimbo ulizopakua si zako. Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo zinafungwa. Na siku unayoacha kulipa, zote 300 zinafungwa pamoja. Ada hujikata yenyewe mwezi hadi mwezi, na ile miezi ya majaribio ya bure huomba namba ya kadi mwanzoni kabisa. Ukitumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni ya simu, weka humo kiasi cha mwezi mmoja tu. Hiyo ni breki nzuri kuliko kumbukumbu yako.

Mtego mwingine unawahusu wenye ndugu Muscat, Dubai au London. Kifurushi cha familia cha Spotify kinabeba watu sita, na mjomba mkarimu aliyeko ughaibuni hupenda kuwaingiza wapwa walioko Tanga. Masharti yanataka wote sita waishi anwani moja. Wapwa wanaweza kusikiliza miezi kadhaa, kisha siku moja wakaombwa kuthibitisha anwani na safari ikaishia hapo. Mjomba akitaka kusaidia, atume hela ya bando.

Nimefika kwenye njia ninayoiheshimu kuliko zote, ingawa ndiyo inayonisumbua kichwa zaidi: kadi ya kumbukumbu na flashi. Karibu kila mtaa wenye kibanda cha kuchaji simu utamkuta kijana na kompyuta yake, folda zimepangwa: Singeli, Bongo Fleva, Gospo, Taarab, Zilipendwa, Rhumba, Reggae. Unampa kadi, unamtajia aina, naye hakuulizi wimbo gani bali “zikae ngapi?” Dakika chache baadaye kitochi chako kimegeuka jukeboksi. Singeli ilikua kwa njia hii. Kabla redio kubwa hazijaikubali, ilipita mkono kwa mkono kutoka studio za uswahilini kama Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, ndani ya kadi na kwa Bluetooth, hadi mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa “Sounds of Sisso” na Ulaya ikaamka.

Kwa gharama, ukiacha redio, hakuna kinachoikaribia. Kadi ya GB 32 inachukua takriban nyimbo 8,000 za MP3 za kilobiti 128. Hizo ni saa zipatazo 550. Kwa saa mbili kila siku utakaa zaidi ya miezi minane kabla ya kurudia wimbo, bila MB hata moja, kwenye simu ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa. Mvuvi wa Kilwa na dereva wa lori anayekata mbuga kwenda Kigoma hawahitaji mtu wa kuwaelimisha juu ya hili.

Ila kadi ina wezi wake. Soko limejaa kadi feki zilizoandikwa GB 64 au 128 wakati uwezo wake wa kweli ni GB 8. Zimechezewa ili simu isome namba kubwa. Ukijaza hadi kufikia uwezo wake halisi, nyimbo mpya zinafuta za zamani, au majina yanabaki na ukibonyeza hakichezi kitu. Bei ikikushangaza kwa urahisi wake, mwombe muuzaji aijaze hadi mwisho mbele yako, kisha fungua nyimbo za mwanzo, za katikati na za mwisho. Akikataa, umeshapata jibu.

Mwenye sabufa nyumbani ana kero yake tofauti. Sabufa nyingi husoma flashi ya mfumo wa FAT32 tu, na flashi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutoka dukani na mfumo mwingine. Unaichomeka, taa inawaka, kimya. Usirudi dukani kugombana kabla ya kuifomati upya. Kadhalika, nyimbo zilizotoka WhatsApp au zilizochomolewa YouTube mara nyingi si MP3. Ni M4A au Opus, na sabufa ya kawaida haizijui. Mwambie kijana wa kibandani azigeuze zote kuwa MP3 kabla hajakujazia. Na ukishangaa kwa nini sabufa haifuati mpangilio wa majina, ni kwa sababu nyingi zinacheza kwa kufuata nyimbo zilivyoingizwa. Anayetaka kuanza na kaswida na kumaliza na mduara inabidi azinakili kwa zamu hiyohiyo.

Kinachonisumbua ni kwamba hela unayompa kijana yule inaishia kwake. Kunakili na kuuza kazi ya msanii bila idhini yake ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na kila mtu mtaani anaendelea kana kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi ya jirani. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi za kubandikwa kwenye CD na DVD, wakati wanunuzi wengi walikuwa wameshaanza kuhamia kwenye kitu kisicho na pa kubandika stempu. Kwa anayetaka MP3 yake mkononi bila kumnyonya mtunzi, ipo Mdundo, iliyoanzia Kenya: unapakua wimbo bure na kihalali, unausikiliza hata mtandao ukiwa haupo, na malipo ya msanii yanatokana na matangazo. MB nne kwa wimbo, mara moja, basi. Sauti ya tangazo mwanzoni mwa wimbo inachosha, lakini ukiniuliza mimi, kwa kipato cha wengi wetu hii ndiyo njia yenye uwiano mzuri kuliko zote kati ya mfuko wa msikilizaji na jasho la mwimbaji.

Na hizo programu za ada zinamlipa vizuri? Inategemea ni msanii gani. Tangu 2024 Spotify haigawi fedha kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Msanii mkubwa wa Bongo Fleva hatalihisi hilo. Bendi ya taarab ya Pemba italihisi. Halafu kuna jambo ambalo sijasikia likijadiliwa vya kutosha: kusikilizwa kunahesabiwa wimbo ukifika sekunde 30, na baada ya hapo ukiwa wa dakika mbili au kumi na mbili hesabu ni moja. Singeli fupi ikichezwa mara sita ndani ya dakika kumi na mbili inaleta hesabu sita. Taarab ndefu, yenye violini, kanuni, utangulizi na mashairi ya beti kadhaa, inaleta moja. Sishangai nikisikia nyimbo mpya zinaingia kwenye kiitikio kabla hujakaa sawa kitini.

Teknolojia kuzikata nyimbo vipande si mambo ya leo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya santuri za kampuni ya HMV, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, na wimbo uliokuwa unakesha barazani ilibidi uingie humo. Kanda ndiyo iliyourudishia pumzi. Philips iliileta mwaka 1963, na ile ya dakika 60 ilitoa nusu saa kila upande bila kukatiza. Maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa yaliuza taarab ya pwani kwa kanda kwa miaka mingi. Sasa tunarudi kwenye dakika tatu, safari hii bila sindano.

Redio nitaipitia haraka kwa sababu haina mengi ya kuhesabu. Bei yake ni sifuri. Wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ulikuwa na kituo kimoja na unasikiliza kilichopangwa. Tangu sheria ya utangazaji ya 1993, na Radio One ilipofungua njia mwaka uliofuata, masafa yamejaa. Tahadhari ni moja tu: usisikilize FM kwa njia ya intaneti ukidhani ni bure, maana hapo unalipa bando kama kawaida. Redio ya bure ni ile iliyomo ndani ya simu yenyewe, na hiyo inahitaji spika za masikioni zenye waya, kwa sababu waya ndio antena. Simu mpya za bei kubwa zimeondoa tundu la waya, na redio imeondoka nalo. Ukienda kununua simu, uliza tundu hilo kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi.

Kwa wapenzi wa muziki wa dansi, redio bado ina hazina ambayo hakuna ada itakayokupatia kwa ukamilifu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, kwa hiyo bendi zilirekodi kwa RTD au zikapanda basi kwenda Nairobi. Sehemu kubwa ya kazi hizo ilibaki kwenye mikanda ya RTD, ambayo leo ni ya TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kwenye programu za kimataifa utakuta kidogo: mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Ufaransa, Buda Musique, ulioanza mwaka 2005 na kikundi cha Ikhwani Safaa, umeokoa taarab na dansi kadhaa. Nje ya hapo utakutana na wimbo wa bendi ya NUTA Jazz ulioandikwa jina la mtu aliyeupakia.

Spika za masikioni nazo ni gharama, hata zikiwa za bei ya kutupa. Shirika la Afya Duniani linasema sikio la mtu mzima linavumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa nne tu. Kelele za barabarani hutufanya tuongeze sauti, na spika hafifu isiyoziba sikio hutufanya tuiongeze zaidi. Afadhali upunguze ada ya mwezi mmoja ununue zinazokaa vizuri.

Kwa hiyo nani alipe nini? Mwenye kitochi, mkulima, mlinzi wa zamu ya usiku: kadi ya GB 32 ya kweli na redio ya FM, wala asidanganywe kwamba amepitwa na wakati. Mwanachuo au mfanyakazi mwenye WiFi ya bure na masikio yanayofanya kazi saa mbili au zaidi kwa siku: alipe ada, apakue kila kitu kwa WiFi, azime data wakati wa kusikiliza. Bila WiFi na bila saa mbili, ada ni anasa. Mdundo au toleo la bure la Spotify kwa kilobiti 24 au 96 linatosha. YouTube ni ya kutazama. Anayeitumia kama redio analipa bei kubwa kuliko mtu yeyote kwenye makala haya, naye ndiye anayedai kwamba halipi kitu.

Kama nyumbani kuna sanduku la kanda za wazee, hizo hazipo kwenye programu yoyote na utepe wake unazidi kuchakaa kila mwaka. Unahitaji redio kaseti inayofanya kazi, waya wa milimita 3.5 kutoka tundu la spika hadi tundu la maikrofoni la kompyuta, na programu ya Audacity ambayo ni ya bure. Kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60 kunakiliwa na itakaa kwenye MB 58 za MP3. Andika jina la bendi, mwimbaji na mwaka kwenye kila faili, na uifanye kazi hiyo wakati anayewatambua waimbaji kwa sauti bado yupo wa kuulizwa.